Bi Pelele, Kiboko na Filamu ya Jitu Lililomeza Mvua

"Hadithi naileta!"
"Ilete tuione!"
"Niishushe wapi?"
"Hapa hapa!"

Alikuwepo Bi Pelele, mnyama wa majabalini, mdogo wa kubebeka kapuni. Aliwachorea wanawe kitabu cha picha: pelele anaingia pangoni, anakuta jitu lililomeza mvua, analitekenya pua, jitu linapiga chafya, mvua inarudi. Watoto walikipenda mpaka kurasa zikalegea.

Siku moja Kinyonga, mpiga picha, akamwambia, "Bi Pelele, tukifanye filamu. Si katuni. Tuigize wanyama wenyewe."

Kiboko akasikia. Akaja, ti! ti! ti!

"Shujaa nani?"

"Mimi, bwana."

"Wewe? Shujaa ni mimi! Sura yangu ionekane mwanzo mpaka mwisho. La sivyo, hiyo kamera naikalia."

Pelele akakikumbatia kitabu chake. Kitabu alikichora miaka miwili. Na wa kuigiza jitu hakuwa naye, kila mnyama alikataa. Akamtazama Kiboko. Akautazama mlango mwembamba wa pango la kupigia filamu.

"Sawa, bwana, shujaa ni wewe. Ila shujaa hunywa maji kwanza."

Kiboko akanywa, gubu, gubu, gubu.

"Shujaa huongeza."

Akaongeza, gubu, gubu, gubu.

"Sasa shujaa huingia pangoni."

Kiboko akaingiza kichwa, akaingiza shingo, akaingiza mabega. Tumbo likagoma. Akanasa.

Pelele akapenya kwenye ufa wa nyuma. Ndani, Kinyonga, aliyetangulia kwa ufa huo huo, alikuwa amekwisha kuwasha kamera. Pelele akashika unyasi, akamtekenya Kiboko pua.

"We bibi! Acha! A... a..."

CHYAAA! Maji yakaruka, yakanyesha pango zima. Tumbo likapungua, Kiboko akachomoka kinyumenyume, pu! matopeni.

Filamu ilipoonyeshwa kwenye kitambaa cheupe, Kiboko alikaa mbele. Akafura.

"Mbona mimi ndiye jitu?"

"Si ulitaka sura yako ionekane, bwana? Tazama, imejaa kitambaa kizima," alijibu Pelele, mguu mmoja tayari kukimbia.

Kiboko akafumbua kinywa amkemee. Lakini watoto walikuwa wamesimama, wanapiga makofi: "Jitu! Jitu! Chafya tena!"

Kiboko akafumba kinywa. Akafikiri. Akainuka, akawainamia kwa heshima, akapiga chafya.

Fundisho, watoto: msiwatekenye wakubwa pua, ni utovu wa adabu. Mkiwatekenya, hakikisheni kamera inawaka.

Yangu nimeitua. Aliyesikia amsimulie mwenziwe, aliyesinzia shauri yake.