Picha ya Bwana Mbaruku

Bwana Mbaruku, mwenye hoteli pale Pangani, alimfokea Kidawa, fundi wake wa tovuti, mbele ya wapishi waliokwisha kufungasha visu kwa kukosa wageni.

"Tovuti mpya, halafu umenijazia vitanda na samaki! Ukurasa wa mbele weka picha yangu, ienee skrini nzima. Nikifungua nijione. La sivyo, kazi huna."

"Ile ya suti nyekundu, bosi?"

"Hiyo hiyo."

"Ukifungua wewe, utajiona."

Kidawa alimpa nywila ya mwenye hoteli, akabofya hapa na pale kwenye mipangilio. Mbaruku akaingia kwa simu yake, akajiona mzima mzima, akaridhika.

Mwezi haukuisha, vyumba vikaanza kujaa. Mbaruku akavaa suti yake nyekundu, akasimama mlangoni ili wageni wamtambue. Mgeni wa kwanza akamkabidhi begi.

"Ghorofa ya juu, kaka. Taratibu, kuna chupa."

Mbaruku alimwendea Kidawa mbio, begi mkononi. "Mbona hawanijui? Kwani wao wanaona nini?"

"Vitanda na samaki, bosi. Picha yako inamtokea mwenye nywila yako tu. Si ulisema ukifungua wewe?"

Mbaruku akafumbua mdomo amfukuze.

"Kaka!" mgeni akaita. "Na hili la mke wangu!"