Machano na Kiuaviluwiluwi

Hapo zamani, katika mji wa Kitoni, paliondokea Sultani aliyependa birika la maji la uani mwake kuliko raia zake. Maji yake hayakubadilishwa tangu enzi za babu yake, yakajaa viluwiluwi. Viluwiluwi wakawa mbu, na mbu wakawaletea homa majirani wote wa jumba.

Basi Machano, fukara asiye na kitu ila ulimi, mkewe Mize aliposhikwa na homa hata akawa hamtambui, alikwenda barazani akapiga magoti.

"Maulana, mke wangu anakufa. Naomba birika limwagwe maji."

Sheikh Nasibu, mtunga maneno wa jumba, akakohoa. "Maulana, shida si maji. Shida ni kuwa dawa yake haikuwa na jina. Baraza langu limekaa mwaka mzima, likala mbuzi wa kutosha, na sasa neno limepatikana: kiuaviluwiluwi."

Wakuu wakashangilia, maana neno refu namna ile hawakupata kulisikia.

"Maana yake nini, Sheikh?" akauliza Machano.

"Kitu kinachoua viluwiluwi."

"Na kitu chenyewe ki wapi?"

Baraza zima likatazama mazulia. Sultani akaghadhibika kwa kuaibishiwa wakuu wake. "Mwenye kuuliza ndiye atakayekileta. Kesho asubuhi nikione, na tone la maji yangu usiliguse. Ukishindwa, shingo yako halali yangu."

Usiku Machano akazunguka nyuma ya ukuta wa birika, palipokuwa na tundu la kutolea maji lililosahauliwa, akang'oa kizibo chake cha mti, akaenda zake kumkanda Mize.

Asubuhi ikawa birika ni kavu, na viluwiluwi wamekufa sakafuni. Machano akatoa kile kizibo.

"Hiki hapa, Maulana."

"Hicho ni kizibo," akasema Sheikh Nasibu.

"Kikiwa tunduni ni kizibo, Sheikh. Kikitoka, ni kiuaviluwiluwi. Neno lako zuri, lilikosa kazi tu."

"Nilikukataza kugusa maji," akasema Sultani.

"Sikuyagusa, Maulana. Yameondoka yenyewe. Nadhani yalichoka kukaa."

Sultani akajizuia, akashindwa, akacheka hata kilemba kikamlegea. Akaamuru birika lisijazwe tena, na Machano apewe nguo na chakula. Mbu wakapungua, na Mize naye homa ikamwachia, akaomba uji.

Kazi ya kufagia viluwiluwi akapewa Sheikh Nasibu. Akainama kwa adabu, akaomba mwaka mmoja ili baraza liitafutie kazi hiyo jina.

"Jina lake kufagia," akasema Sultani. "Anza."