Chumba cha Chini cha Arlys

Kitu kilichosukumwa mvunguni hakimfuati mtu pale alipokaa. Anayekitaka huinama, hata kama goti linamuuma na watu wanamtazama. Ndivyo yalivyomfika Arlys Tveit, mjane wa mtaa wa bondeni katika mji wa Tarlow, Iowa.

Kila iliponyesha mvua kubwa, majitaka ya mji yalirudi kinyumenyume na kufoka katika chumba cha chini ya nyumba yake. Humo ndimo walimolala binti yake Janelle na mjukuu wake Britta, mpaka kifua cha mtoto kikaanza kulia kama filimbi. Wakahamia mbali, mwendo wa siku nzima kwa gari. Kila Jumapili Arlys aliosha kikombe cha njano cha mjukuu, ingawa hapakuwa na aliyekinywea.

"Mtarudi lini?" aliuliza kwenye simu.

"Mabomba ya majitaka yakitengenezwa, Mama. Hata kesho yake."

Mabomba yalihitaji mji uchukue mkopo, na mkopo ulihitaji kura sitini katika kila mia za wakazi. Mara mbili watu walipiga kura, na mara mbili mkopo ukaanguka, kwa kuwa nyumba za mlimani zilikuwa kavu kama ukaango. Msemaji wa mlimani asiye na cheo alikuwa Delbert Haugen, mume wa marehemu dada yake Arlys. Neno lake likitoka asubuhi kwenye meza ya wazee wa kahawa mgahawani, mchana limeshafika kila nyumba.

"Majitaka gani?" aliwaambia. "Mimi kwa shemeji nala pai kila Pasaka. Nyumba inanukia sabuni! Wanataka kutupandishia bili tu."

Wala hakusema uongo. Watu wa bondeni waliona haya. Maji yakipungua tu, walifunga mapazia, wakasugua sakafu kwa klorini, wakawasha feni, kisha wakatoka barazani kama watu walioamka usingizini. Kwa kusugua, Arlys aliwashinda wote.

Jumamosi kabla ya kura ya tatu, mvua ilinyesha tangu alfajiri. Saa nne chumba cha chini kilikuwa kimejaa hadi ngazi ya tatu kutoka chini. Arlys alishika ndoo na brashi kama ilivyokuwa desturi yake. Akaikumbuka kura ya Jumanne. Akaitua ndoo, akapiga simu.

"Shemeji, njoo."

"Kuna pai?"

"Hakuna. Njoo na mabuti."

Delbert alifika akicheka. Akashuka ngazi mbili, kicheko kikamkatika. Uchafu wa vyoo ulikuwa ukielea kando ya mashine ya kufulia. Arlys alisimama nyuma yake, uso umemshuka.

"Hii ni ya leo tu?"

"Miaka tisa."

"Na Pasaka zote zile?"

"Nilikuwa nimesugua siku tatu kabla hujaja."

"Arlys! Mbona hukuniambia, mwanamke wewe?"

"Niseme nini? Karibu pai, shemeji, chini yako kuna mavi ya kwenu?"

"Ya kwetu?"

"Kwani ya bondeni yanapanda mlima?"

Delbert alikohoa, asijue acheke au alie. "Hebu niwaite wale wanane wa meza ya kahawa waje waone."

Arlys aliitazama ile ndoo. Kuonwa na mmoja ni kuinama. Kuonwa na wanane ni kulala kifudifudi. Akakiwaza kifua cha Britta.

"Waite," alisema.

Wazee walishuka mmoja mmoja, kofia mkononi, kama waliofika msibani. Jumapili, wanawake wengine wa bondeni nao wakaifungua milango yao.

Jumanne kura zilihesabiwa: sitini na mbili kwa mia. Watu wakashangilia. Arlys akatoka nje na simu yake.

"Mkopo umepita, Janelle."

"Watachimba muda gani, Mama?"

"Miaka miwili, wanasema."

"Britta atakuwa ameshaanza shule huku."

"Aanze huko. Atamalizia hapa."

"Haya, Mama. Tutakuja."

Theluji ilipoyeyuka, tingatinga la kwanza lilifika na kung'oa maua yake yote. Arlys hakulalamika. Alitoa kiti nje, akakaa kutwa akilitazama, kama mtu aliye stesheni akimngojea wake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.