Hodi ya Kwanza

Ndugu zangu, kabla sijawapa mfano huu nitubu kwanza, maana wenyewe nilipewa kama dawa ya kosa langu.

Nilikuwa bawabu wa hospitali ya misheni, miaka ile Mwingereza angali anatawala. Elimu yangu ni ya darasa la nne, kwa hiyo kazi ya langoni niliiona kuwa cheo. Nilipewa koti la kaki, kiti cha mbao, na amri moja: mtu asiingie bila cheti cha mwalimu wa kanisa lake au cha jumbe wake. Asubuhi moja akaja mwanamke wa milimani, jina lake Namkunda, amejifunga kitambaa kwenye jicho la kushoto. Lango lilikuwa limerudishwa tu, halikutiwa komeo. Akasimama nje, akaita, "Hodi."

Nilisikia. Nataka mjue kwamba nilisikia. Nilikuwa upande wa ndani napanga vyeti vya jana, nikamchungulia kwenye ufa, nikaona mikono yake haina karatasi. Nikasema moyoni, huyu hana cheti, nikimwitikia nitaanza naye mabishano bure. Akaita mara ya pili. Nikanyamaza. Akaita ya tatu, kwa sauti ndogo kuliko zile mbili. Nanyi mnaijua desturi yetu: hodi tatu, kama hakuna jibu, mtu mwenye adabu hurudi alikotoka. Namkunda alikuwa na adabu. Alirudi.

Mwezi uliofuata kaka yake alikuja kutibiwa kikohozi, cheti chake mkononi. Akaniuliza kwa upole, "Mzee, ile Jumanne hospitali ilikuwa imefungwa? Dada yangu alitembea tangu alfajiri, akakuta hakuna mtu. Jicho lenyewe limeshakufa." Nikamjibu, "Labda." Hilo ni kosa la pili, juu ya lile la kwanza.

Sista Winifrida, mkuu wa wauguzi, alikuwa anafunga bandeji pale pale kibarazani. Alisikia yote. Nilingoja anikemee, hakunikemea. Saa ya chai aliniita, akanimiminia kikombe kwa mkono wake, akanisimulia habari ya mji wa kwao. Kiswahili chake kilikuwa kinachechemea, na ngeli alizichanganya kama mtu anayepika kwa pupa, kwa hiyo nitawasimulia kwa maneno yangu.

Mtu mmoja alikuwa na nyumba kubwa huko Uingereza, katika mji wa wafuma sufi. Hakuwa na mtoto. Alipozeeka akawaachia watawa nyumba ile, akaagiza hivi: maskini na mgonjwa wakija hapa, waitwe wageni. Basi ikawa hivyo kwa miaka mingi sana. Watawa hawakuwa na dawa za maana. Walikuwa na supu, godoro la majani makavu, na sala. Lakini kila aliyegonga aliitwa mgeni, na mgeni hulishwa kwanza, habari huulizwa baadaye.

Kisha akatokea mfalme aliyewafukuza watawa na kutwaa mashamba yao. Nyumba ikabaki tupu, ikaharibika, mwisho ikaangukia mikononi mwa wakubwa wa mji. Hao nao hawakuwa watu wabaya, Sista alinisisitizia hilo. Walikuwa na hofu. Walisema, tukimpokea kila mtu kwa uzuri, nani atakayefanya kazi? Wakaamua kuifanya nyumba iwe chungu, ili asije ila yule aliyekosa kabisa mahali pengine. Wakajenga ukuta katikati ya ua. Wanaume huku, wanawake kule, watoto mbali na wote wawili. Wakawavika nguo za kijivu za namna moja. Wanaume walivunja mawe. Wanawake walichambua kamba kuukuu za meli, uzi kwa uzi, mpaka kucha zikatoa damu. Na langoni wakaweka bawabu mwenye maswali matatu: Wewe ni nani? Unatoka wapi? Una nini? Mwenye kitu, hata saa ya ukutani, aliambiwa akauze kwanza, ndipo arudi.

Siku moja wakaja mume na mke. Mume, Edmundi, alikuwa mfumaji ambaye mashine ilimkata vidole vya mkono wa kulia. Mke jina lake lilikuwa Hana, na kwa lugha yetu jina hilo peke yake lingetosha kuwa jibu. Bawabu, kijana aliyeitwa Tomasi, akawauliza maswali yake. Alipofika la tatu, Hana akasema, "Nina mume." Tomasi hakucheka wala hakukasirika. Aliandika kitabuni: hawana kitu. Akampeleka mume huku na mke kule.

Hana hakumwona tena Edmundi. Alimsikia tu. Kila asubuhi wanaume walipotolewa kuvunja mawe, kikohozi cha mumewe kilivuka ukuta, naye alikijua miongoni mwa vikohozi vyote. Asubuhi moja ya baridi kali hakukisikia. Akajiambia, labda amepata nafuu. Siku ya nne ndipo walipomwambia kwamba amekwisha kuzikwa. Baridi ilipopungua akatoka katika nyumba ile, akaenda kufua nguo za watu, akaapa kwamba hatapita tena langoni pale, akiwa mzima wala akiwa maiti.

Miaka ikapita mingi. Vikaja vita, vikaja vingine vikubwa zaidi. Waingereza walipotoka katika vita vile walitazamana wakaona haya, wakatunga sheria mpya: kila mgonjwa aingie, tajiri na maskini, asiulizwe ana nini. Katika mji ule wakaipaka nyumba chokaa, wakashusha kibao cha zamani, wakapandisha kipya kilichoandikwa Hospitali. Wakatoboa ukuta katikati na kutia mlango mpana ili machela ipite. Wakaleta vitanda vya chuma, mashuka meupe, na sindano za dawa mpya inayokausha vidonda. Kila kitu kikawa kipya, isipokuwa bawabu. Walimwacha Tomasi yule yule, sasa mwenye mvi, kwenye kiti kile kile. Sheria ilibadilika kwa siku moja, lakini ulimi wa Tomasi haukupata habari. Mtu akigonga, bado aliuliza: wewe ni nani, unatoka wapi, una nini?

Wazee wa mji walikuja mpaka langoni, wakaisikia sauti ile, wakageuka. Madaktari walishangaa. Vitanda vipo, dawa ipo, wazee wanafia nyumbani.

Hana naye alikuwa na kidonda mguuni, nyama imeanza kuwa nyeusi. Sista Winifrida alikuwa msichana wakati ule, muuguzi wa kuzungukia nyumba za watu kwa baiskeli. Alimsihi siku tatu. Hana alimjibu, "Mwanangu, wewe unaona hospitali kwa sababu umezaliwa juzi. Mimi lango lile nalijua. Niache nife hapa, kitanda changu hakina ukuta." Daktari akasema, akija wiki hii ataishi, asipokuja hakuna wiki nyingine.

Winifrida akarudi na hasira, akamwaga moyo wake kwa mtu wa kwanza aliyemkuta, naye alikuwa Tomasi. "Kuna bibi anakufa kwa ajili ya lango lako," akamwambia.

"Lango si langu," Tomasi akasema. "Nani huyo?"

Winifrida akamtajia jina. Tomasi akavua kofia, akaiweka juu ya kiti, akatoka nje. Tangu aajiriwe hakuwahi kuliacha lango saa za kazi.

Waingereza hawaiti hodi kwa mdomo kama sisi, hugonga mlango kwa vidole. Tomasi akagonga mlango wa Hana. Ndani kukawa kimya. Akagonga tena. Ndipo sauti ya mwanamke ikauliza, polepole, kama mtu anayesoma kitabuni:

"Wewe ni nani?"

"Mimi Tomasi."

"Unatoka wapi?"

"Natoka lile lango."

"Una nini?"

Tomasi alisimama pale, kichwa wazi, manyunyu yanamdondokea. Kwa miaka karibu arobaini alikuwa ameliuliza swali lile, na siku ile ndipo alipolisikia. Akasema, "Sina kitu, mama."

Kisha komeo likavutwa, na Hana akasema, "Basi ingia. Umesimama kwenye baridi."

Hilo tu. Hakumtukana wala hakumhubiria. Alimpa ukaribisho, kile ambacho yeye mwenyewe alinyimwa langoni, na alikuwa nacho moyoni siku zote.

Waliyozungumza ndani Sista hakuyajua. Anachojua ni kwamba saa tisa mchana aliwaona wote wawili barabarani, Hana amemshika Tomasi mkono, wanakuja hatua kwa hatua kama bwana na bibi harusi waliochelewa. Langoni Tomasi akatangulia, akafungua mbawa zote mbili, akasimama kando. Hakuuliza neno. Hana akamwambia, "Hujazoea kunyamaza, naona." Tomasi akasema, "Najifunza, mama." Wauguzi wakaleta machela, Hana akaikataa. Aliomba apelekwe kwanza kwenye ukuta.

Akafika penye ule mlango mpana waliotoboa. Akasimama katikati, mguu mmoja upande wa wanawake, mguu mmoja upande wa wanaume. Akatega sikio kwa muda. Kisha akasema, "Haya, sasa nitieni hizo sindano zenu."

Kidonda kilikauka. Aliishi miaka sita zaidi. Kila siku ya kliniki alikuja na kibunda chake cha sufi, akakaa nje ya lango, na mzee yeyote aliyesitasita alimshika mkono wakaingia pamoja. Kiti cha Tomasi kilikuwa kimehamia nje pia, jirani na chake. Watu walisema hospitali ile ina mabawabu wawili, na mmoja haandikwi popote.

Hapo Sista Winifrida akamaliza chai yake. Hakunifafanulia kitu, akaenda wodini. Nilibaki na kikombe kimepoa mkononi, na hata mimi wa darasa la nne niliielewa. Nyumba ni rehema ya Mungu, nayo haikuvunjwa hata siku moja, tuliipaka tu rangi ya hofu yetu. Ukuta ni ile hesabu ya nani anastahili. Kibao ni maneno tunayoyatangaza. Bawabu ni moyo. Unaweza kubadili kibao kwa asubuhi moja, ukabaki na bawabu yule yule kwa miaka arobaini.

Asubuhi yake nilimwendea daktari wetu nikakiri yote, hata lile "labda." Nilidhani nitalivua koti. Aliniuliza ni wangapi wengine waliorudi, nikamwambia sijui, maana aliyerudi haachi jina. Akatazama dirishani, kisha akaifuta amri ya vyeti. Mimi nikatoa kiti changu nje ya lango.

Halafu nikapanda milimani kumtafuta Namkunda. Nilimkuta uani anaanika maharage, jicho moja zima, jingine jeupe. Nikasimama mbali, nikaita hodi. Kabla sijafunga mdomo akaitika, "Karibu, baba, pita kivulini, jua kali." Hakujua mimi ni nani. Nikamwambia. Nikamwambia kwamba nilikuwepo, na kwamba nilisikia zote tatu.

Akaacha mkono ndani ya maharage. Kisha akasema, "Kumbe. Mimi nilidhani hamkuwepo." Akayageuza maharage. "Jirani yangu amebeba mapacha, miguu imemvimba, na hana cheti. Atakuja kesho. Umwitikie."

Alikuja kesho yake, nikamwitikia. Wale mapacha leo ni watu wazima, mmoja wao yumo humu ndani, sitamtaja asije akaona haya.

Jicho la Namkunda halikurudi. Hilo nalibeba, na nitakwenda nalo mpaka mbele ya Bwana wangu. Lakini sikuja kuwapa mzigo wangu. Nimekuja na ombi moja, nalo ni dogo. Mtu akipiga hodi kwenu, mwitikieni ile ya kwanza. Msingoje ya tatu.