Dirisha Lisilopitisha Kitu

Hapo zamani, katika mji wa Kivumoni, upepo ulikuwa ndio mwenyeji na watu ndio wageni. Mji ulikaa juu ya mgongo wa kilima kikavu, hauna mti wa kuukinga wala mlima wa kuusitiri. Kiangazi upepo ulileta vumbi jekundu, likaingia hata ndani ya mtungi uliofunikwa. Masika ulileta mvua, nayo haikunyesha kutoka juu kama mvua zenye adabu, ilikuja ubavu. Na kipupwe ulileta baridi ya kumfanya mtu mzima amkumbuke mama yake. Basi watu wa Kivumoni walichagua dirisha kwa uangalifu kuliko walivyochagua mkwe, maana mkwe mbaya huambiwa aende zake, lakini dirisha bovu unalala nalo.

Sultani wa mji huo aliitwa Nasibu. Hakuwa mtu mbaya, nisimsingizie, ila alikuwa na ugonjwa wa wenye nacho: hajui atakalo mpaka alione kwa mwenziwe. Ikawa mwaka mmoja mchwa waliyala madirisha ya jumba lake yote, wakaacha rangi tu imesimama. Sultani alipoegemea moja, nusu ya mwili wake ikatokea nje, na lau walinzi wasingemkamata joho, leo ningekuwa nahadithia msiba. Basi akaapa kwamba hatachagua dirisha jingine kwa kubahatisha.

Waziri wake, jina lake Mlamali, akampa shauri la kiwaziri. Akasema, "Ewe bwana wangu, kwa nini tununue tusichokijua? Madirisha yaliyokwisha kupimwa na upepo yamo majumbani mwa raia. Na yaletwe, tuyajaribu moja moja. Tukilipata lililo bora kuliko yote, tutatengeneza mfano wake, kisha kila mtu atarudishiwa lake."

Sultani akasema, "Umesema neno." Na kweli alikuwa amesema neno, ingawa si kila neno lina akili ndani yake.

Basi askari wakapita nyumba hadi nyumba na patasi na nyundo. Kila dirisha lililoletwa likapachikwa katika chumba cha Sultani. Likiwa dogo, pembeni lilizibwa kwa matambara. Likiwa kubwa, ukuta ulibomolewa lipate kuingia. Sultani akiuliza, "Mwalionaje hili?" watu wa baraza waliutazama uso wake kwanza. Akikunja uso, walisema baridi inaingia. Akitabasamu, walisema hata pumzi haipiti. Kwa hiyo Sultani hakupata kujua lolote, madirisha yakarundikwa uani, na hakuna lililorudi kwa mwenyewe. Mji mzima ukabaki na matundu, na kipupwe hicho kinabisha hodi.

Sasa, alikuwako mtu mmoja akiitwa Msabaha, hana mali wala cheo, kazi yake kusokota kamba. Wenye heshima zao walimwita mpumbavu, kwa kuwa ukimwambia neno hulishika kama ulivyolisema. Ukimwambia, "Ningoje hapa," kisha ukasahau kurudi, kesho utamkuta papo hapo, na hana kinyongo. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha moja, ubao mnene wa mvule alioupachika babu yake. Na siku zile mkewe, Mwanakheri, alikuwa amejifungua mtoto wa kike, yumo ndani ya arobaini yake. Nanyi mwajua kwamba mzazi aliye katika arobaini hapigwi na upepo.

Askari walipofika, Bi Mize, mkunga, alisimama mbele ya dirisha akatandaza mikono. Akawaambia, "Nyinyi hamkuzaliwa? Mliokotwa?" Wale askari wakainamisha nyuso, wakaling'oa dirisha huku wakiomba radhi. Radhi haizibi tundu.

Msabaha akaziba kwa jamvi, upepo ukaling'oa. Akaziba kwa gunia, upepo ukalipasua. Mtoto akalia kutwa na kucha. Kisha ikafika asubuhi mtoto halii tena, amelegea tu, midomo imebadilika rangi. Bi Mize akamtia kifuani mwa mamake asiseme kitu, naye Bi Mize hakuwa mtu wa kunyamaza. Hapo Msabaha akaogopa, akaogopa hasa, akavaa kanzu yake akaenda kwa Sultani.

Alipofika barazani akapiga magoti, akasema, "Ewe Sultani, Mungu akuweke. Nimekuja kuomba dirisha langu. Mke wangu ni mzazi, na mtoto ameshikwa na baridi."

Waziri Mlamali akajibu, "Madirisha yangali yanajaribiwa."

Msabaha akasema, "Langu lilijaribiwa na babu yangu, bwana Waziri, likafaulu. Baba yangu akarudia."

Watu wakacheka. Sultani hakucheka, kwa kuwa alikuwa na mafua, na mtu mwenye mafua haoni ugonjwa wa mwingine. Akasema, "Kila siku watu waja kunililia madirisha! Basi sikiliza sharti langu, na baraza hili liwe shahidi. Nataka dirisha katika chumba changu cha kulala lisilopitisha vumbi, wala baridi, wala mvua, wala jua. Na liwe wazi mchana na usiku, maana mimi si kuku nifungiwe. Siku nitakapolipata, kila raia atarudishiwa lake kabla ya jua kuchwa. Lakini atakayejaribu akashindwa, atahama Kivumoni yeye na aila yake, asirudi."

Baraza zima likatazama chini. Dirisha liwe wazi, tena lisipitishe kitu! Hata Waziri, aliyezoea kusifu, hakupata la kusifu.

Msabaha akauliza, "Bwana wangu, nitaliweka upande gani wa chumba?"

"Utakapo."

"Na atakayelijaribu ni nani?"

"Mlete umtakaye. Hawa wangu wamenichosha."

"Na likishakuwa wazi, hata Sultani mwenyewe hatalifunga?"

"Hata mimi sitalifunga. Nimekwisha sema!"

Msabaha akasema, "Nimesikia, bwana wangu," akaenda uani kulitafuta dirisha lake katika rundo.

Basi nyuma ya chumba cha Sultani palikuwa na chumba cha ndani, mahali pa kuwekea mazulia. Kuta zake zilikuwa nene, hazina tundu la nje hata moja, na upande wa pili ndiko kwenye jiko la jumba, kwa hiyo ukuta ulikuwa na joto siku zote. Msabaha akatoboa ukuta uliokitenga chumba hicho na cha Sultani, akalipachika dirisha lake na kulisiliba kwa udongo pande zote. Kisha akaenda kwake akarudi na kitanda cha kamba, na sufuria ya uji wa pilipili manga, na nyuma yake kikaja kitu kirefu kilichofunikwa shuka tangu juu hadi chini. Bi Mize alitangulia ameshika kisu, kama ilivyo desturi ya kumsindikiza mzazi.

Waziri akawazuia mlangoni. "Hivi ni vitu gani?"

Msabaha akajibu, "Vyombo vya kazi, bwana Waziri."

"Na hicho kilichofunikwa?"

"Humo yumo wa kulijaribu dirisha. Nimemtafuta mtu katika mji huu asiyejua kumsifu Sultani, nikampata mmoja tu."

Waziri akanyoosha mkono afunue shuka. Bi Mize akakitazama kisu, kisha akamtazama Waziri. Waziri akakumbuka kwamba ana shughuli kwingine.

Alasiri Sultani akaitwa. Siku hiyo upepo ulikuwa umeamka na hasira zake, na madirisha ya kuazima upande wa nje yalikuwa yakigonga na kupiga mluzi. Lakini dirisha la Msabaha lilikuwa wazi kabisa, ubao umelala ukutani. Waziri akapangusa kizingiti chake kwa mkono wa kanzu nyeupe, ukabaki mweupe. Sultani akaweka kandili pale, moto usitikisike. Akapitisha mkono, akasikia joto la kupendeza.

"Ajabu!" akasema Sultani. Kisha akainama akatazama. "Lakini mbona sioni nje?"

Msabaha akajibu, "Haliangalii nje, bwana wangu. Laangalia chumba cha mazulia."

Waziri akapaza sauti, "Huu ni ulaghai! Dirisha gani hufunguka chumbani?" Lakini Sultani alikuwa akiyarudia masharti yake kwa vidole: vumbi, baridi, mvua, jua. Akavirudia tena vidole, asipate hata kimoja alichokisemea habari ya nje.

Na pale pale, dirishani, kikatoka kilio. Kilikuwa kilio kikali, cha mtu mwenye haki zake. Sultani akashtuka, akaingiza kichwa aone kuna nini.

Sauti ya Bi Mize ikamfokea kutoka ndani, "Nani huyo anayemchungulia mzazi? Hata uwe Sultani, toa kichwa! Wamletea mtoto baridi!"

Sultani akatoa kichwa. Hajawahi kufukuzwa na mtu tangu alipotawazwa, akawa hajui aiweke wapi mikono yake. Akauliza kwa sauti ya chini, "Msabaha, si tulisema halitapitisha kitu? Na hiki je?"

"Hiyo ni sauti, bwana wangu. Haikuwamo katika masharti."

"Basi lifunge!"

"Sultani alisema hata yeye hatalifunga."

"Basi watoke!"

"Mzazi hatoki mpaka arobaini yake itimie, bwana wangu. Mama yako naye hakutoka."

Sultani akaketi kitandani. Mtoto analia. Waziri ameziba masikio. Hatimaye Sultani akasema, "Hebu niambie, mtoto huyu analilia nini? Baridi hakuna, vumbi hakuna, chumba kina joto kuliko changu. Ana shida gani?"

Hapo uso wa Msabaha ukabadilika. Akasema, "Hana shida, bwana wangu. Analia kwa sababu amepata nguvu. Kule kwangu, tangu dirisha lilipoondoka, alikuwa ameacha kulia. Mimi naweza kukaa hapa nikamsikiliza mpaka kesho." Akajifuta macho kwa mkono wa kanzu, wala hakujificha.

Sultani akageuka kuyatazama madirisha ya kuazima. Upepo ukawa unapiga mluzi katika matambara. Kisha akauliza, "Wako wazazi wengine mjini?"

"Wako, bwana wangu. Na wazee wenye vifua."

Sultani akaona haya. Akasimama, akaita askari, akasema, "Kila dirisha lirudi kwenye tundu lake kabla ya jua kuchwa, kama nilivyoahidi. Na Mlamali atabeba pamoja nanyi, kwa kuwa shauri lilikuwa lake." Basi Waziri akashuka mjini na dirisha mgongoni, na upepo ukamkuta njiani. Kila nyumba watu walitoka wakalitambua lao kama mtu atambuavyo mbuzi wake, matundu ya nje ya jumba yakazibwa kwa mazulia, na jua lilipozama Kivumoni ilikuwa imefungwa kila mahali.

Isipokuwa dirisha moja. La Msabaha likabaki katika ukuta wa Sultani, wazi mchana na usiku, maana neno la Sultani halirudi. Sultani alijigeuza kitandani, akajifunika mto, akaomba dua. Lakini siku zikapita, ikawa amejifunza kilio cha njaa na kilio cha tumbo. Ikafika hadi yeye huamka mwenyewe akasema dirishani, bila kuchungulia, "Bi Mize, mtoto ana njaa." Bi Mize humjibu, "Najua, bwana. Lala."

Arobaini ilipotimia, mtoto akanyolewa, akatolewa nje kuonyeshwa jua. Sultani akaita mafundi waje kupima matundu ya jumba lake, kila tundu na dirisha lake, kazi ambayo ingefanyika tangu mwanzo. Akampa mtoto ng'ombe wa maziwa, na dirisha la mvule akalirudisha kwa Msabaha, akafuatana nalo mwenyewe kuja kula karamu ya arobaini.

Wakaketi jamvini katika kile chumba kimoja. Upepo ukaja na vumbi lake. Msabaha akavuta ubao, akatia komeo. Upepo ukagonga, ukazunguka nyumba, ukagonga tena, ukaenda zake. Sultani akapitisha kiganja pembeni mwa dirisha, juu na chini, asisikie kitu.

Akasema, "Msabaha, dirisha hili nimelala nalo siku zote zile. Mbona sikujua kwamba ni zuri hivi?"

Msabaha akajibu, "Kule kwako lilikuwa wazi, bwana wangu."

Sultani akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, na mtoto akaamka akaanza kulia. "Ana njaa," akasema Sultani, akajinyoosha pale jamvini, usingizi ukamchukua hapo hapo. Hakuna aliyethubutu kumwamsha. Waziri Mlamali alikuwa nje ameshika hatamu za farasi, na vumbi lilikuwa linamjia ubavu. Akabisha hodi, lakini dirisha lile, kama nilivyokwisha kuwaambia, halikupitisha kitu.

Hekaya yangu imefika mlangoni. Naufunga, maana upepo unaingia.