Fisi Alivyotoa Miji Yote

Anayesema fisi hali majani asimame sasa hivi, atuonyeshe fisi aliyemlea yeye. Hakuna? Basi kaeni. Mimi niliacha shule darasa la nne, akili zangu zote bado mpya, hazijatumika, na ninawaambia fisi alikula majani. Usiponiamini ziba masikio, si ni yako.

Paukwa!

Itikieni basi. Hiyo ndiyo pakawa yenu? Mgonjwa wa homa anaitikia vizuri kuliko nyinyi. Haya, najua, jua limetuchosha sote, hata mimi mzuri nimechoka. Pakawa ndogo inatosha. Palikuwa na shule.

Shule ilikuwa majabalini, kwenye mawe ya moto, na mwalimu alikuwa Fisi. Nani alimwajiri? Aliingia asubuhi moja, akasimama mbele, akakohoa. Ukisimama mbele ukakohoa, wewe ni mwalimu. Wazazi wakasema afadhali, amekuja mtu mzito.

Wanafunzi walikuwa wadogo wadogo. Nguchiro, mtoto wa Kobe, kifaranga wa Kanga, na Digidigi mwenye macho makubwa kuliko uso. Na Pimbi, kijinyama cha mawe, hana mkia, hana pembe, ukimkalia hushtuki.

Kila siku ilikuwa hivyo hivyo. Fisi alichora duara mavumbini kwa ukucha, kwarara. Akauliza, "Hii nini?"

Siku za mwanzo watoto walijibu kwa fujo. Huyu alisema mwezi, yule alisema jicho la bundi. Fisi akasema kosa, hilo ni duara, na aliyekosa hali. Akachukua chakula chao. Mnyafu, mnyafu, kimekwisha. Kesho yake wote wakasema duara. Fisi akasema kosa, leo ni sifuri. Mnyafu, mnyafu. Wakasema sifuri. Kosa, leo ni herufi O. Akala mchwa wa Kanga, akala tikiti la Kobe, akala machipukizi ya Digidigi, kijani kikimtiririka mdomoni. Dada Zuwena, usicheke. Uroho hauchagui.

Mwisho watoto wakaacha kujibu. Fisi alichora, kwarara, akauliza, kimya. Na kimya nacho kosa. Mnyafu. Wazazi wakipita njiani walisikia ule utulivu wakasema huyu mwalimu ni mwalimu, watoto hata hawapumui.

Aliyeumia zaidi ni Digidigi. Zamani yeye ndiye alikuwa na majibu mengi, alijibu hata asichoulizwa. Sasa alikaa tu, mbavu nje. Jioni moja, wakijikokota kurudi nyumbani, akamwambia Pimbi kwamba baada ya kesho haji tena. Miguu imekataa. Na kichwani hamna kitu. Akichungulia ndani anaona kweupe.

Pimbi alikuwa amechoka vilevile. Akamwambia basi njoo hiyo kesho, hata usifungue mdomo. Kisha akaenda kulala bila kula, kama kawaida yao. Watu husema njaa huleta akili. Mara nyingi huleta usingizi. Ila safari hii ilileta kidogo.

Asubuhi Fisi akaingia, akakohoa, akainua ukucha. Kabla haujagusa chini, Pimbi akasema, taratibu kabisa, "Kitendawili."

"Tega," akasema Fisi.

Hapo ndipo alipokwisha. Mnajua wenyewe: ukisikia kitendawili ulimi unaitika peke yake, wewe unafika baadaye. Na ukishasema tega, umetegwa. Huwezi kukimbia. Ukishindwa kujibu, unatoa mji.

Pimbi akachora duara, kwarara. "Hii nini?"

Fisi akacheka. Akasema duara. Pimbi akasema sicho. Sifuri. Sicho. Herufi O. Sicho.

"Nipe mji, mwalimu."

Fisi akaona mji ni neno tu, na neno halipunguzi tumbo la mtu. Akatoa korongo la kusini, ambalo hata maji halikuwa nayo. Pimbi akashukuru. "Ni tundu la kwetu," akasema, "ukilichungulia kutoka juu ya jiwe." Watoto wakatazama. Kweli, lilikuwa tundu.

Fisi akalikariri. Tundu, tundu, tundu.

"Kitendawili," akasema mtoto wa Kobe. Tega. Akachora duara lake polepole, kwa-ra-ra, hata nzi wakachoka kusubiri. Fisi akasema tundu. Sicho. Nipe mji. Akatoa kilima cha upepo. Kobe akasema, "Ni mimi nimelala, ndege ananiona toka juu." Watoto wakatazama. Kweli, alikuwa Kobe.

Fisi akakariri. Kobe amelala, Kobe amelala. Akaja kifaranga wa Kanga, kwarara. Fisi akasema Kobe amelala. Sicho. Akatoa kisima. Ilikuwa nyumba ya kwanza ya Kanga, ile isiyo na mlango. Akaja Nguchiro, kwarara. Fisi akasema nyumba isiyo na mlango. Sicho. Akatoa pango analolala mwenyewe. Ulikuwa mdomo wa kaka yake Nguchiro akipiga miayo. Watoto wakatazama, na darasa zima likapiga miayo.

Mtasema angeacha. Aliyezoea jibu moja haachi. Anaona lile lenyewe liko hapo karibu, akilipata atarudishiwa vyote, na chakula cha leo juu yake. Mate yalikuwa yanamtoka.

Sasa alikuwa amebakiwa na shule tu, na zamu ilikuwa imebaki moja. Wote wakamgeukia Digidigi. Asingetega yeye, Fisi angebaki mbele, na mawe yale yangempoteza Digidigi kuanzia kesho. Digidigi akatazama chini. Pimbi hakumsukuma. Jua likawachoma wote sawasawa.

Mwisho sauti ikatoka, kavu kama jani. "Kitendawili."

"Tega. Mdomo wa kaka."

"Sicho, mwalimu. Hata sijachora."

Hakutumia ukucha, hana. Aliinuka, akaanza kutembea. Akazunguka darasa zima, jabali kwa jabali, akichechemea, akipumzika, mpaka alama za kwato zikakutana pale alipoanzia. "Hii nini?"

Fisi akayamaliza yote. Duara, sifuri, herufi, tundu, Kobe, nyumba, mdomo. Sicho. Akasema hana mji mwingine. Pimbi akamkumbusha, kwa heshima zote, kwamba ana shule.

"Chukueni shule," akasema Fisi. "Nipeni jibu."

"Ni mtu aliyetoka kwao," akasema Digidigi, "akachoka, akarudi."

Watoto wakatazama. Kweli, alikuwa huyo.

"Samahani, mwalimu," akasema Pimbi. "Unakanyaga mji wa watu."

Fisi akaondoka akinyanyua miguu juu juu, kama anayepita shamba lililopandwa jana. Hakuonekana tena. Watoto wakafungua chakula chao. Digidigi akala, akalala papo hapo na jani mdomoni.

Funzo lake ni hili. Watoto, mkiulizwa rudieni mlichoambiwa, wala msifikiri. Si mmeona? Wamefikiri mara moja tu, shule ikakosa mwalimu. Na wazazi, mkisikia darasa lina kelele, kimbieni mkalinyamazishe. Mimi nilinyamazishwa vizuri sana, na tazameni nilivyofaulu.

Nimeiokota kavu, nimewaachia mbichi. Aliyeshiba ainuke, mwenye njaa abaki na mate yake.

Ngojeni, kaeni kidogo. Pale niliposema hakuonekana tena, niliruka kitu. Ukimhurumia fisi, hadithi inaharibika, ndiyo maana. Alirudi asubuhi iliyofuata. Akaomba ruhusa kwa wenye mji, akakaa nyuma kabisa, hakukohoa. Zamu zikazunguka zikamfikia. Pimbi akamuuliza yeye mwenyewe, bila kukariri, anaona nini. Fisi akalitazama lile duara mpaka kivuli cha jabali kikahama. Akasema hajui. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Hawakumcheka. Wakamwambia hakuna haraka, wakakaa, wakamngoja.