Kamba ya Mafundo Sita

Mwanamke mmoja alikuwa na kamba. Haikuwa kamba ya kufungia mbuzi wala ya kuanikia nguo. Ilikuwa kamba ya mtaa mzima, naye, jina lake Nakijwa, alikabidhiwa kuitunza kwa sababu mkono wake haukuwa na upendeleo. Ulimi wake ulikuwa nao tele, hilo hata mwenyewe hakulikana, lakini mkono, hapana.

Mji wake ulikuwa mji wa mpira wa magongo. Watu wa huko waliweza kuisamehe mvua iliyochelewa, ila si kijana aliyekosa bao. Mitaa ilikuwa minne. Kila mwaka, baada ya mavuno, vijana kutoka vijiji vya jirani walipangwa kando ya ukuta wa uwanja, na mitaa ikawachagua kwa zamu. Siku hiyohiyo, kabla kijana hajatua hata mzigo wake, mashabiki walikubaliana wanamtegemea afunge mabao mangapi, na kila bao likafungiwa fundo moja kwenye kamba. Wakati wa kufunga mafundo kijana aligeuzwa uso ukutani, kwa maana haifai ajue hesabu yake, asije akaifikia akabweteka. Kisha kamba ilitundikwa juu kabisa ghalani. Msimu ukiisha, aliyetimiza mafundo alibaki, akapewa gongo la mtaa liwe lake. Ambaye hakutimiza alirudi kwao.

Mwaka ninaousema, mtaa wa Bondeni ulipata zamu ya mwisho. Kijana waliyemtamani, mrefu, mwenye kifua kipana, alikuwa amekwisha kuchukuliwa. Ukutani alibaki Tumsifu, wa miaka kumi na tisa, mwembamba, shati limempwaya, gongo lake limefungwa kwa kamba ya mgomba pale lilipopasuka. Mwenyekiti wa mtaa, Mfinanga, alilitaja jina lake kama mtu anayemtajia mganga ugonjwa wake. Mashabiki wakaguna. "Ng'ombe wa maskini hazai," walisema, na aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Nakijwa. Alifunga mafundo saba. Watu wakacheka, wakamwambia asimwonee mtoto wa watu, apunguze. Akacheka nao, akalifungua la saba kwa meno. Tumsifu alikuwa amegeukia ukuta. Hakuona kitu, lakini kicheko alikisikia.

Waliomweka katikati ya uwanja walimweka kwa kukosa mwingine. Katikati ni mahali pa taabu: mpira unapita kwako ukienda na unapita kwako ukirudi, na makosa ya wote huonekana kuwa yako. Kijana hakulalamika. Mchezo wa kwanza alifunga moja. Wa pili, mawili. Mwezi haujaisha alikuwa amefika mabao sita, na Bondeni wakaanza kutembea mjini vifua mbele. Nakijwa alimpikia ugali kwa maharage yenye nazi, akamwita mwanangu, na tena si kwa kujipendekeza, alimpenda kweli. Hakuna aliyekumbuka kupanda ghalani kuitazama kamba. Ya nini, na furaha iko mezani?

Lakini furaha ikikaa sana mezani hugeuka chakula cha kila siku. Alipofunga la kumi, walisema ndiyo kazi yake. Alipofunga la kumi na tatu, walimuuliza kwa nini si mawili. Sokoni watu wakaanza kusema kwamba wao tangu siku ile ukutani waliona, kwamba huyu ni kijana wa mabao ishirini, na aliyebisha aliitwa adui wa mtaa. Nakijwa naye alisema ishirini. Alilisema mara nyingi hata akaliamini, kama mtu anavyoamini ndoto aliyoisimulia mara kumi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya mguu wa Tumsifu ilirefushwa kila Jumamosi na midomo ya watu wanaompenda.

Mchezo wa mwisho ulikuwa wa kikombe. Tumsifu alifunga moja, la kumi na saba. Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira ulimjia peke yake mbele ya goli, akaupiga, ukapita nje kwa upana wa kiganja. Bondeni wakashindwa kwa bao moja. Sauti moja ikapanda kutoka kwa mashabiki: "Rudi kwenu!" Ilikuwa sauti ya Nakijwa. Wengine wakaidaka. Kijana aliinama, akayaokota magongo ya wenzake yaliyotupwa uwanjani, akayabeba yote mpaka nje. Shukrani ya punda ni mateke. Na siku ile, nasema kwa huzuni, punda hawakuwa zizini.

Kesho yake alasiri mtaa ulikusanyika mbele ya ghala. Tumsifu alikaa pembeni, mzigo wake umekwisha kufungwa. Watu walitaka kamba iletwe ili jambo limalizike kwa haki. Nakijwa akaingia, Mfinanga nyuma yake. Alipanda juu ya kinu kilichofudikizwa, akaitungua kamba, akaipangusa vumbi na utando wa buibui, akahesabu. Akahesabu tena, safari hii kwa kuyashika. Mafundo yalikuwa sita. Mbele ya la sita kamba ilikuwa imejikunja kidogo, mahali alipolifungua la saba, na alama za meno yake zilikuwa bado zipo.

Aliona aibu. Alikumbuka kicheko, alikumbuka shati lililompwaya kijana, alikumbuka ugali aliompa na matusi aliyompa, vyote kwa mdomo na mkono uleule.

Mfinanga naye alikuwa ameona. Akatazama mlangoni, kisha akasema polepole, "Mama, kamba bado ni ndefu."

Ilikuwa kweli. Urefu ulitosha mafundo mengine kumi na manne, na vidole vyake viliijua kazi. Angeyafunga, mtaa mzima ungeonekana kuwa na macho tangu mwanzo, naye asingeulizwa kitu. Kijana angeondoka kwa sheria. Nakijwa alisimama na kamba mkononi kwa muda mrefu, mpaka walio nje wakaanza kukohoa. Kisha akatoka, akainyoosha mbele ya watu wote.

"Hiki ndicho tulichomwomba," alisema. "Aliyeomba zaidi aje anionyeshe fundo lake."

Hakuna aliyekuja. Kamba ilipita mkono kwa mkono, kila mtu akayapapasa mafundo kana kwamba vidole vingeona kuliko macho, na kila aliyeyafikisha sita aliinamisha kichwa na kumpa jirani. Mwishowe ikafika kwa Tumsifu. Naye alihesabu. Alipofika mwisho aliendelea kuvuta kamba tupu, akitafuta. Halafu akamtazama Nakijwa, macho yamejaa machozi.

"Shikamoo, mama," alisema, kama mtu aliyemkuta upya. "Mimi kila siku nilijua sijafika."

Nakijwa alikwenda akapiga magoti mbele ya mzigo wa Tumsifu, akaanza kuufungua, fundo la kwanza, la pili, na machozi yake yakidondoka juu ya nguo za kijana. Gongo la mtaa alipewa jioni ileile. Kikombe kilikuwa kwa wengine, na hakuna aliyekiulizia.

Ndugu zangu, yuko mtu nyumbani kwako ambaye siku ya kwanza ulimwomba kidogo sana, akakupa, akakuzidishia, na leo umemkasirikia kwa upana wa kiganja. Mara ya mwisho ulipanda ghalani kuitazama kamba yake ilikuwa lini?